Swali la saba

Jumamosi, usiku.

Leo nimeshinda soko la Kilombero, hapa Arusha, na hojaji zangu. Mwaka wa pili huu wa uzamili, ushirikiano wa kimataifa na sera, na bado naogopa watu kuliko vitabu. Nikaanza na shangazi, maana yeye hawezi kunifukuza.

Shangazi anauza vitunguu vya Mang'ola, na mara kwa mara anavusha magunia Namanga, mpakani na Kenya. Hojaji iko kwa Kiingereza, ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo natafsiri papo hapo. Swali la saba: "Unakumbana na vikwazo gani visivyo vya kiushuru?" Akaacha kuambua maganda, akaniangalia.

"Baba, unaulizia usumbufu?"

Ndiyo, shangazi. Usumbufu.

Hapo akafunguka. Mzigo kulala mpakani hadi vitunguu vinachipua. Karatasi iliyokubaliwa upande huu, upande wa pili inaulizwa upya. Nikamtajia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, cha kuonyesha mzigo umetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, kinachotolewa palepale mpakani. Nimekiandikia kurasa kumi na moja! Hajawahi kukisikia. Ila kijana wa bodaboda wa njia za panya anamjua kwa jina, yeye na wanawe.

Nikajitia mwalimu. Nikamweleza umoja wa forodha wa Jumuiya ulioanza 2005, soko la pamoja la 2010, nchi nane sasa tangu Somalia iingie 2024. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya msiba wa jirani wa mbali.

"Jumuiya ile ya kwanza ilipokufa, 1977, mpaka ukafungwa," akasema. "Bibi yako aliendelea kuvusha. Ukaja kufunguliwa 1983. Bibi yako akaendelea kupita kulekule."

Sikuwa na kisanduku cha kuweka tiki.

Jioni nimepita kwa miguu mbele ya makao makuu ya Jumuiya. Mkataba wenyewe ulitiwa saini mjini hapa, tarehe 30 Novemba 1999, na mimi nimeufanya ndio mwanzo wa sura yangu ya pili. Njia ya bibi haimo. Najua msimamizi wangu ataiita hadithi ya familia, na sijui nitamjibu nini.

Zimebaki hojaji thelathini na tisa. Nimekaa sebuleni na kalamu, nafuta swali la saba moja moja, naandika juu yake: usumbufu.