Wati 50 Ndani ya Korongo

Msafara wetu ulikuwa wa magari matatu na watu saba, na njia tuliyokusudia kuifuata haikuwa na mnara hata mmoja wa simu kwa mwendo wa siku nne. Wenzangu walipogawana kazi za maandalizi, huyu matairi na mafuta, yule maji na dawa, mimi nilikabidhiwa mawasiliano. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote, nikasoma kila nilichoweza kukipata kwa miezi miwili, na bado nilifanya makosa mawili ambayo sikuyatambua mpaka siku ya tatu ya safari, nikiwa chini ya korongo pamoja na mtu aliyeumia mkono.

Mapema kabisa nilielewa kwamba nilikuwa na mahitaji mawili yasiyofanana: magari yazungumze yenyewe kwa yenyewe, na msafara uweze kuwafikia watu walio mbali. Kwa hitaji la kwanza niliziangalia redio za 27 MHz, ambazo madereva wengi wa njia mbovu wamezizoea. Zilinikatisha tamaa kwa sababu ya antena. Wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi, kwa hiyo antena kamili ya robo ya wimbi hukaribia mita 2.75, na zile fupi zinazofungwa kwenye magari huwa zimefupishwa kwa koili, jambo linalopoteza sehemu ya nguvu ambayo tangu mwanzo ni ndogo, kwani katika nchi nyingi kikomo chake ni wati 4. Nikachagua redio za VHF, zenye wimbi fupi zaidi kuliko hizo, za wati 50, nikafuatilia vibali vyake, na kwa kila gari nikanunua antena ndefu kuliko zote nilizoziona. Niliamini kwamba wati nyingi na antena ndefu ndiyo salama yetu.

Kwa hitaji la pili nilisita zaidi. Bikoni ya dharura ya 406 MHz ni chombo cha kuaminika sana. Ukishaiwasha, hurusha ishara kwa muda usiopungua saa 24, na mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ambao umekuwa ukiokoa watu tangu mwaka 1982, huipokea kwa setilaiti na kuipeleka kwa waokoaji. Lakini bikoni husema neno moja tu, "njooni." Haiwezi kueleza kilichotokea wala kupokea ushauri. Kwa hiyo nilichukua kifaa kidogo cha kutuma na kupokea ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, chenye kitufe chake cha dharura, na tukapanga na daktari mmoja tunayemfahamu awe tayari kutujibu.

Orodha yangu ilipokamilika nilimpelekea mzee mmoja aliyeendesha magari nyikani kwa miaka mingi. Aliisoma polepole, kisha akauliza, "Mwanangu, kati ya gari lako na gari la mwenzako kutakuwa na nini?" Nikamjibu kwamba kutakuwa na kilomita nne au tano. "Sikukuuliza umbali," akasema. "Nimeuliza kutakuwa na nini." Akaniagiza niongeze redio mbili za mkononi za wati 5, na pia antena tatu fupi za nusu mita, moja kwa kila gari. Niliviongeza kwa kumheshimu, nikavifungia ndani ya sanduku la vipuri.

Siku mbili za kwanza tulipita kwenye tambarare, na chaguo langu lilinipa fahari. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi huona upeo wa redio wa karibu kilomita 6, kwa hiyo magari mawili yaweza kusikilizana kwa takriban kilomita 12 pasipo kizuizi, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu tuliingia makorongoni. Gari letu lilikuwa la mwisho. Magari mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha kupanda kigongo na kuteremkia upande wa pili wakati tairi letu la nyuma lilipopasuka kwenye mawe. Mwenzangu aliinua gari kwa jeki, ardhi ikabonyea, jeki ikaponyoka, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikabanwa. Nilimtoa, nikaufunga mkono kwa bendeji, damu ikapungua. Nikashika kipaza sauti cha redio nikaita. Nikaita tena. Kwa mujibu wa ramani wenzetu hawakuzidi kilomita nne, nami nilikuwa na wati 50 mkononi, lakini hakuna aliyejibu.

Hapo ndipo swali la mzee liliponirudia. Antena ndefu haizalishi nguvu mpya. Huichukua nguvu ileile na kuibana ielekee mlalo, jambo ambalo tambarare hufaidika nalo, lakini ndani ya korongo wati zangu zote zilikuwa zikigonga ukuta wa mwamba. Kosa la pili lilikuwa chungu zaidi. Kile kifaa cha setilaiti nilikuwa nimekikabidhi kwa kiongozi, katika gari la kwanza, kana kwamba ni alama ya cheo, ilhali gari lililo rahisi kuachwa peke yake ni la mwisho.

Nilifungua sanduku la vipuri, nikamwachia mwenzangu redio moja ya mkononi, nyingine nikaitundika shingoni, nikaanza kupanda. Kila nilipopumzika nilibonyeza kitufe na kuita. Mara ya nne, nikiwa bado chini ya kilele, nilisikia mkwaruzo na nusu ya neno. Nikapanda tena hatua kama ishirini, nikageuka upande wa magari, nikaita.

"Nakupata, nakupata vizuri," sauti ya kiongozi ilijibu, safi kana kwamba amesimama kando yangu. "Mko wapi?"

Zilikuwa wati 5 tu, lakini kutoka pale juu niliwaona wao na kuliona gari letu pia. Kiongozi aliandika ujumbe akiwa mahali pa wazi ambapo setilaiti hazikuzuiwa na kuta, na baada ya dakika chache alinisomea majibu ya daktari, nami nikayarudia neno kwa neno kwenda chini: inua mkono juu ya usawa wa moyo, na vua pete sasa hivi kabla kidole hakijavimba. Mimi nilikuwa nimeufunga mkono ule bila kuiona pete. Mwenzangu aliivua kwa taabu, akaniambia redioni, "Imetoka," na nikaketi kwenye jiwe kwa sababu miguu iliniishia nguvu.

Magari yaligeuza na kutufikia baada ya saa moja hivi. Daktari alishauri tusiendelee, kwa hiyo tulikubaliana kurudi kesho yake kwa njia ya mkato kuelekea barabara kuu. Jioni ile, kabla ya kulala, niliziondoa antena ndefu katika magari yote matatu na kufunga zile za nusu mita. Kifaa cha setilaiti nilikihamishia gari la nyuma, nikakifunga kando ya kiti mahali ambapo dereva na abiria wanaweza kukifikia bila kufungua mkanda, na namba yake ya siri nikaiondoa. Kisha nilimwomba kila mmoja wetu atume ujumbe wa majaribio na kusubiri jibu mbele yangu. Aliyeumia alituma wa kwake kwa mkono wa kushoto.