Kinyota kando ya lengo

"Baba, hii nyota ya nini?"

Simu ya zamani niliichomeka chaji ili nitoe picha zilizobaki. Mwanangu akaiwahi, akapekua, akafika kwenye ile programu niliyoiandika mwenyewe ya kupima umbali wa matembezi. Ukurasa wa malengo bado ulifunguka: kilomita 300 kwa miguu ndani ya mwaka, imekamilika, na kando yake kinyota cha kijivu. Nilikiweka kidogo makusudi, nikitumaini hakuna atakayekiuliza.

Chanzo chake ni jiwe. Tulipumzika chini ya genge la mwamba kama dakika arobaini, simu nimeilaza juu ya jiwe bapa, skrini inawaka, programu inarekodi. Nilikuwa natafuna huku nikiitazama kwa jicho moja. Umbali ukapanda: 6.02, 6.03, 6.05. Nikaacha kutafuna. Simu haijaguswa na mtu. Nikafungua ramani, nikakuta mstari wa njia umefika pale tulipokaa ukageuka fundo la uzi, kama kuku aliyekanyaga wino akazunguka karatasi. Tulipoinuka, jiwe lilikuwa limetembea kilomita 2.31.

Kwanza nililaumu fomula. Nikaipitia upya: haversine, yaani hesabu ya umbali kati ya nukta mbili juu ya tufe, nusukipenyo cha dunia kilomita 6,371, digrii zimegeuzwa radiani. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kujumlisha. Niliomba mahali pa simu kila sekunde moja, kwa hiyo dakika arobaini zilinipa vipimo 2,400. Kila kipimo kilipishana na mwenzake kwa wastani wa karibu mita moja tu. Lakini umbali hauna hasi: mita moja kushoto na mita moja kulia hazifutani, zinakuwa mbili. Piga hesabu mwenyewe uone jiwe litafika wapi.

Na genge lilizidisha. Ishara ya GPS inatoka kwenye setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Ikigonga mwamba kabla ya kufika kwenye simu inakuwa imezunguka, imechelewa, na simu inaamini setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Mwamba pia huziba nusu ya anga, setilaiti zinazobaki zote ziko upande mmoja. Mahali pa wazi simu inakosea mita tano hivi. Chini ya genge, hata makumi ya mita.

Dawa niliipata kwa kukosea mara kadhaa. Kipimo chochote ambacho simu yenyewe inakadiria kina kosa la zaidi ya mita 20, tupa. Lakini usiyaamini makadirio hayo kupita kiasi: kwenye Android ni duara ambalo uwezekano wa simu kuwa ndani yake ni asilimia 68, maana yake karibu mara moja kati ya tatu uko nje. Kisha weka nanga. Nukta ya mwisho iliyohesabiwa inakaa palepale, na hakuna kinachoongezwa mpaka simu iwe imeiacha kwa mita 10, au kwa ukubwa wa lile duara, lolote lililo kubwa. Mwanzoni niliweka 25, nikajiona mjanja. Njia ya kupanda kwa kona kali ikanisuta: kona nzima zilimezwa, kwa sababu programu ilikuwa inakata mkato kutoka nukta hadi nukta, na mtu aliyehema kilomita nane akaandikiwa sita na ushee. Mwishowe nikaongeza kihisi cha hatua: sekunde 60 bila hatua, kuhesabu kunasimama.

Makosa mengine yalikuwa ya kawaida. Mstari ulionyooka katikati ya ziwa ulitokana na mfumo kulaza programu skrini ikizimwa. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, programu iliyo nyuma hupewa mahali mara chache tu kwa saa, hivyo lazima uiendeshe kama huduma yenye arifa inayoonekana muda wote. Lengo la "siku za nje" lilihesabu matembezi ya usiku mmoja kuwa siku mbili, kwa kuwa niligawa siku kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, badala ya saa za pale mtu alipo. Na mwinuko! Barometa, kipimo cha shinikizo la hewa, ni bora kuliko GPS kwa kupanda na kushuka, ila karibu na usawa wa bahari badiliko la hektopaskali moja ya shinikizo ni kama mita nane za mwinuko. Hali ya hewa ikibadilika usiku, hema linapanda mlima lenyewe.

Kitu kimoja nilikifanya sawa tangu siku ya kwanza, nacho ndicho kilichoniponza. Nilihifadhi nukta ghafi zote kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu: latitudo, longitudo, muda, makadirio ya kosa. Jumla sikuihifadhi, ilikokotolewa kila ukurasa ulipofunguliwa. Kwa hiyo nilipotoa sasisho, safari zote za nyuma zilijihesabu upya zenyewe. Zangu 304 zikawa 268. Rafiki yangu, aliyekuwa amefikisha 511 kwenye lengo la 500, akaamka na 463 na alama ya kukamilisha haipo.

Akapiga simu. "Ndugu yangu, zile kilomita nilizitembea kwa miguu yangu au kwa hesabu yako?"

Nilianza kumweleza habari za nanga. Akanikatiza: mwaka ulishaisha, na angejua amebakiza 37 angezitembea.

Sikuwa na jibu, nikaongeza safu kwenye jedwali la malengo: toleo la hesabu. Lengo lililokamilika chini ya toleo la 1 linabaki limekamilika, lakini linavaa kinyota. Mpaka leo sijui kama kile kilikuwa heshima au woga.

Mwanangu alisikiliza yote, nadhani zaidi kwa adabu. "Kwa hiyo ulifika au hukufika?"

"Kwa hesabu ya wakati ule, nilifika."

Hakuridhika. Akabonyeza Anza, akailaza simu mezani karibu na dirisha, akaikalia rada. 0.00. Nikamwambia haitasogea, ndiyo kazi ya nanga. Akaitikisa kidogo, nadhani apate hatua, akairudisha mezani. Nikaendelea na shughuli zangu.

"Baba."

Ilikuwa imeandika 0.01.