Pete nyeusi kwa kalkuleta na karatasi ya miraba

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi. Tangu zamani nilifahamu tokeo la Stephen Hawking la mwaka 1972, kwamba penye dimensioni nne, yaani tatu za nafasi na moja ya wakati, upeo wa shimo jeusi lililotulia, yaani mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi tena, hauna budi kuwa na umbo la tufe. Niliposoma kwamba mwaka 2001 Roberto Emparan na Harvey Reall walipata, katika milinganyo ileile ya Einstein, shimo jeusi lenye umbo la pete penye dimensioni tano, nilitaka kujua kinachoizuia pete hiyo isijifumbe kwa uvutano wake yenyewe.

Jibu ni mzunguko. Pete nyembamba mno ni kama uzi mweusi ulionyooka, yaani shimo jeusi refu lenye umbo la uzi, ukakunjwa na kuunganishwa ncha zake, nao hujishikilia ukizunguka kwa kasi inayokaribia asilimia 71 ya kasi ya mwanga.

Sikuridhika mpaka nilipohesabu mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo, kwa hiyo nilitumia kalkuleta ndogo na karatasi ya miraba. Masi ikiwekwa kuwa moja tu, mraba wa momenta ya mzunguko, katika vizio vinavyofaa, ni (1+ν)³ kugawanya kwa 8ν, ambapo ν, iliyo kati ya 0 na 1, hueleza unene wa pete. Nilipoweka nusu nilipata 27/32, na kila nilipoondoka hapo, juu au chini, thamani ilipanda. Maana yake, kati ya 27/32 na 1 kila thamani ina pete mbili, nyembamba na nene, pamoja na shimo la tufe linalozunguka, ambalo wanafizikia Myers na Perry walilipata mwaka 1986: vitu vitatu tofauti vyenye masi moja na mzunguko mmoja! Penye dimensioni nne hilo haliwezekani, na kwangu ndicho kiini cha habari yote.

Kisha nilichora eneo la upeo, ambalo ndilo kipimo cha entropia, yaani kiasi cha vurugu, ya shimo jeusi. Mzunguko ukikaribia 1, eneo la tufe hushuka hadi sifuri, ilhali pete nyembamba hubaki na eneo lake. Nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe kama nyuzi ndogo mno zinazotetema, iliongeza mwaka 2004 pete zenye chaji na ulinganifu mkuu, yaani ulinganifu kati ya chembe za maada na chembe za kani. Hizo bado ninazisoma polepole. Pete nyembamba zisizo na chaji, kwa upande wake, hazidumu: mawimbi madogo huzibana hapa na kuzivimbisha pale, kama wanafizikia Gregory na Laflamme walivyoonyesha kwa uzi mweusi mwaka 1993.