Nilivyoupata mwaka babu aliponunua shamba letu Kigumba

Karatasi ya shamba ililiwa na mchwa kabla sijazaliwa. Babu alishafariki, na kila mtu nyumbani ana mwaka wake: baba anasema 1959, baba mdogo anasema 1968. Sisi ni Wamaragoli, wazee wetu walitoka magharibi ya Kenya wakaja kulima mahindi huku Bunyoro, na hapa Uganda tunaulizwa kila mara tulifika lini. Swali hilo liliniuma.

Watu wakanishauri niende ofisini. Nilienda mara tatu, nauli ikala karibu bei ya gunia la mahindi, naambiwa faili za zamani hazionekani. Msomi mmoja akanichapia fomu ya maswali ishirini. Nilipoikunjua tu mbele ya nyanya, akauliza naandikia nani, kisha akanyamaza jioni nzima. Fomu achaneni nayo kabisa. Mzee akiona kalamu anakumbuka kodi.

Nikangoja msimu wa kupukuchua mahindi. Siku tatu nilikaa naye kwenye turubai chini ya mwembe, mikono kazini, sina hata daftari. Mwaka sikuutaja. Nikamwuliza, "Nyanya, siku babu anamlipa mwenye shamba, noti zilikuwa na picha gani?"

"Mimi ndiye nilizihesabu," akasema. "Tulizificha kwenye debe la unga. Zamani tulizoea za Malkia, lakini zile hazikuwa na mtu. Zilikuwa na mashua, tanga lake hivi," akainua kiganja na kukikunja.

Mikono yangu ilisimama. Noti za mashua zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1964, na mwaka 1966 Uganda ikaanza kutoa shilingi yake. Kwa hiyo 1959 ikaanguka, 1968 nayo ikaanguka.

Nikamwuliza habari za mahindi ya kwanza. Akasema yalikuwa yamefika kiunoni redio ya jirani ilipotangaza kwamba jeshi limeshambulia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Hiyo ni Mei 1966! Mahindi ya Mei hupandwa mvua za Machi zikianza, na shamba walilima mara tu baada ya kulipa. Basi walinunua kiangazi kile, mwanzoni mwa 1966.

Kama wazee wako walinunua baadaye, uliza kama noti zilikuwa na uso wa Amin, zile zilianza 1973. Au uliza kama ni kabla ya sifuri mbili za shilingi kukatwa mwaka 1987. Huo hausahauliki, maana kila aliyebadilisha fedha alikatwa asilimia 30.

Nimeandika yote upya, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, akashuhudia, nyanya akaweka dole gumba. Karatasi iko ndani ya kopo, limening'inizwa kwenye boriti, mbali na mchwa. Baba amekubali. Baba mdogo bado anabisha.