Laini mbili zisizokuwa zangu

Afande alinipigia maji yametoka, nimeinama kwenye mwani wangu Jambiani. Akanitajia jina langu, la baba na la babu, mpaka mwaka niliozaliwa, kisha akaniuliza kwa nini laini yangu imekula laki tatu na kitu za mtu wa Mbeya kwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mbeya! Mimi hata Dar nimekwenda mara mbili.

Shemegi yangu, bingwa wa barazani, akatoa fatwa: "Ivunje laini, itupe baharini. Wanakusikia kwa hiyo hiyo." Nami mtu mzima nikaivunja. Tena haikuwa hata ile wanayoitafuta! Nilivunja laini yangu halali, pesa za mwani zimo ndani. Nilipofika kituoni swali la kwanza likawa: "Mama, mbona ulizima simu?"

Kuirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Vidole vyangu vimeliwa na kamba na maji ya chumvi, mashine haivioni. Kijana wa dukani alinikamua dole gumba mpaka nikamwambia, mwanangu, hilo si ndimu. Nikanawa kwa sabuni, wapi. Nikapaka mafuta ya nazi, kioo kikachafuka, kijana akanuna. Kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja muuza samaki, akanambia nikaushe kidole halafu nikisugue kwenye kipaji cha uso, jasho la hapo linatosha. Kikasoma mara moja tu.

Mara moja! Hapo ndipo akili iliponirudi. Siku za mwisho za kusajili kwa alama za vidole, kabla ya tarehe 20 Januari 2020 walipoanza kuzima laini, nilisajili kwa wakala wa mwavuli pale Darajani. "Mama haisomi, weka tena." Niliweka mara sita au saba, naona haya, naulaumu mwani. Kumbe ilikuwa ikisoma vizuri sana, anasajilia laini nyingine. Nikabonyeza *106#: laini nne kwa jina langu. Mbili sizijui.

Nikarudi kituoni na sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Sikulia wala sikuapa, maana pale kila mtu huapa. Nikasema: afande, waulizeni kampuni laini ile ilisajiliwa na wakala gani na saa ngapi, na yangu saa ngapi. Wanayo yote hayo. Jawabu lilikuja baada ya wiki tatu hivi: wakala mmoja, jioni moja, zimepishana dakika chache. Walikuwa na jina la babu yangu lakini habari za wakala na saa hakuna aliyeziangalia mpaka nilipoomba.

Siku ile niliyokwenda na sheha, afande alitaka simu yangu "aitazame tu". Humo mna picha za singo ya binti yangu, alipokuwa akisuguliwa kabla ya harusi, wanawake peke yetu, vichwa wazi. Mpwa wangu anayesoma sheria alishanipa silaha, nikaiandika kiganjani kwa kalamu: kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, faragha ya mtu na familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022. Nilipofungua kiganja, jasho limeshafuta nusu. Nikasoma kwa sauti kile kilichobaki. Sheha akakohoa, afande akacheka: "Haya mama, fungua mwenyewe hizo meseji." Nikafungua meseji. Picha hakuziona.

Laini zile mbili zimefungwa. Nauli na kuacha kazi vimenila elfu arubaini, labda hamsini. Ujumbe wa kitapeli ukinifikia sasa naupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, siujibu hata kwa matusi, ingawa matusi ninayo.

Juzi nikamshika shemegi, tukabonyeza *106# kwenye simu yake mbele ya baraza zima. Laini tano, yeye anaijua moja. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shemegi, kile kidole ulisema unakisugua wapi?"