Fulana ya Karume Yafika Greenville

Fulana niliinunua soko la Karume, Dar es Salaam, mwaka 2004, nikiwa kidato cha pili. Muuza mitumba alikuwa amesimama juu ya meza anaita "mia saba, mia saba, chagua mwenyewe", nami nikaichomoa chini kabisa ya rundo kwa sababu haikuwa na mikono. Ilikuwa fulana ya kikapu. Kifuani iliandikwa Greenville, chini yake Groove, na herufi ya kwanza ilikuwa imeshaanza kubanduka. Mimi na mdogo wangu tuliivaa kwa zamu kwa miaka minne. Mwenye mechi ndiye aliyeivaa, na ikitokea wote tuna mechi, wa kwanza kuamka.

Tuliamini ni timu kubwa ya Marekani. Ilipita miaka ndipo nikakaa kwenye kompyuta ya watu, nikaitafuta, nikakuta kwamba ilikuwa imefutwa 2003. Nilipokuwa naichagua pale mezani, timu ilikuwa marehemu. Jambo hilo lilinikaa rohoni kuliko nilivyotarajia, na tangu siku hiyo nilijua kwamba nikifika nchi ile nitakwenda mji ule.

Februari nikafika Charlotte kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa. Siku kumi nilizokaa kwake nilishinda ndani nikiogopa baridi. Ya kumi na moja nikapanda basi.

Kutoka Charlotte hadi Greenville, South Carolina, ni kama kilomita 160. Nililipa dola 32. Dar hadi Morogoro ni mbali zaidi ya hapo, na kwa hela hiyo ungekwenda na kurudi mara mbili ukabakiwa na ya chai. Ndani ya basi kipasha joto kilikuwa kimekufa. Abiria tulikuwa saba, kila mtu amejikunyata na koti lake kama kuku wa mvua, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kisha dereva akasimama kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, akasema Greenville ndiyo hapa. Nikamwuliza stendi iko wapi. Akaniambia ndiyo hiyo.

Hapakuwa na benchi wala paa. Hapakuwa na bodaboda wala mtu wa kumwuliza njia. Nilitembea kama dakika ishirini kwenye majani kando ya lami, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu haikuwepo, magari yananipita kwa kasi hadi koti linapepea. Mwishowe nikaita gari kwa simu, dola 19 kwa safari ya dakika kumi na mbili. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza hadi leo. Tiketi ilisema mji, nikashushwa porini.

Mji wenyewe ni mzuri, sitaudhulumu. Zamani ulikuwa wa viwanda vya nguo. Katikati mto Reedy unaanguka kwenye miamba, na juu ya maporomoko wamejenga daraja la waenda kwa miguu lililopinda kama mundu, lililofunguliwa 2004. Mtaa wa pili yake nikakuta sanamu ya Shoeless Joe Jackson, mtoto wa viwanda vile aliyekuja kuwa mchezaji mkubwa wa besiboli, akafungiwa maisha kwa kashfa ya fainali za 1919. Nyumba aliyoishi wameihamisha wakaifanya makumbusho, wakaipa namba 356 kwa sababu ndiyo wastani wake wa kupiga, 0.356. Yaani mtu alifungiwa, na mji bado unamtunzia hadi milango ya nyumba yake. Nilisimama pale na fulana yangu ndani ya koti, nikiwaza kwamba nimefika kwa watu wanaojua kukumbuka.

Groove hawakufungiwa. Walikuwa mabingwa. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilianzisha ligi yake ndogo ya kukuzia vipaji mwaka 2001, ikaiita NBDL, na ofisi ikawekwa hapohapo Greenville. Timu zilikuwa nane, zote za kusini mashariki, na zote mali ya ligi yenyewe. Mechi 56 kwa msimu. Kocha wa Groove alikuwa Milton Barnes, na Ansu Sesay akawa mchezaji bora wa kwanza katika historia ya ligi. Fainali wakakutana na North Charleston Lowgators, jirani zao wa jimbo moja, wakawafunga mechi mbili kwa bila. Huo ndio ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ambayo leo inaitwa G League. Msimu uliofuata ukawa wa mwisho wao.

Na si wao tu. Mobile Revelers walichukua ubingwa 2003, timu ikafutwa mwaka huohuo. Asheville Altitude wakauchukua 2004 na 2005, kisha wakahamishiwa Tulsa. Mabingwa wa misimu minne ya mwanzo, na hakuna mji hata mmoja kati ya miji yao uliobaki na timu yake. Kikombe hakikumsaidia mtu. Ligi ilitaka wenyeji wa kuzinunua timu na watu wa kujaza viti, na miji ile ilikuwa na mapenzi yake mengine tangu zamani. Naelewa hesabu. Lakini mchezaji aliyeruka juu ya ule uwanja na kikombe mkononi hakuambiwa hesabu hiyo.

Uwanja upo. Siku zile uliitwa Bi-Lo Center, kwa jina la maduka ya vyakula. Tangu 2013 ni Bon Secours Wellness Arena, jina la hospitali. Nilitaka tu kuingia nione ndani, na njia pekee jioni ile ilikuwa kukata tiketi ya mpira wa magongo wa barafuni. Dola 24. Mchezo siujui, kiti cha plastiki baridi, soda dola sita. Nikakaa.

Ndani palikuwa na joto kidogo, nikafungua koti.

Mzee aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, mweusi, kofia ya sufu, alikuwa anakula njugu. Akaacha kutafuna. Alinitazama kifuani muda mrefu hadi nikadhani nimejimwagia soda. Kisha akasema, "Kijana, hiyo umeitoa wapi?"

Nikamwambia Dar es Salaam. Akadhani hajasikia. Nikaanza upya: soko, meza, marobota ya nguo yanayotoka kwao kwa meli, mia saba mia saba. Nilipomaliza alikuwa ameshahamia kiti cha karibu yangu. Akanionyesha barafu kwa kidole. "Hapo chini ndipo walipocheza." Alikuwa anamleta mwanawe wa miaka tisa kila wakicheza nyumbani. Mtoto alimpenda Sesay, akawa anaiga mirusho yake uani hadi usiku. Timu ilipofutwa, mtoto aliuliza kwa wiki nzima mechi ijayo ni lini, na baba hakujua pa kuanzia.

"Alikuwa nayo kama hii," akasema. "Alipokua, mke wangu akazifunga nguo zake kwenye mfuko akapeleka kwa wanaokusanya za msaada."

Tukanyamaza wote wawili. Akaniomba aangalie ndani ya kola, kwa sababu mkewe alikuwa na desturi ya kuandika herufi mbili za jina kwa wino. Nikaivua pale pale, nikabaki na sweta. Akavaa miwani, akaigeuza kola. Kola ile ilichanika 2006, mama yangu akaikata yote akazungushia kipande cha khanga, kanga ya bluu yenye korosho, na mishono yake ya mkono ingali imebana. Kama herufi zilikuwepo, zilikwenda na kitambaa kilichokatwa. Mzee akapitisha kidole gumba juu ya khanga, taratibu, kituo hadi kituo, kama mtu anayehesabu mishono. Hatukuangalia mchezo tena.

Akanipeleka mwenyewe kwa gari hadi kile kituo cha mafuta, na basi lilipochelewa akakataa kuniacha. Tulikaa garini karibu saa nzima. Nikamweleza habari za Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, jinsi Dar ilivyokesha 2009 alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, na jinsi tulivyoumia Februari iliyofuata aliposhushwa kwenda Dakota Wizards, kwenye ligi hii hii ndogo. Nyumbani tuliona aibu. Mzee akasema yeye hakuona aibu hata siku moja kwa waliocheza huko. Watu wazima wanaofukuza kazi ya ndoto zao, wanaruka mbele ya viti vitupu kana kwamba vimejaa.

Hapo nikaikumbuka timu yetu. Tulicheza kwenye uwanja wa shule, ringi moja haina wavu, na mwaka 2007 tulichukua kombe la kata. Mwaka uliofuata eneo likazungushiwa ukuta, timu ikaishia hapo, na hakuna mahali popote lilipoandikwa jina la mchezaji hata mmoja. Point gadi wetu anauza vipuri Kariakoo. Mdogo wangu ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho, akiwa ndani ya Groove.

Taa za basi zilipoonekana mzee akauliza ile mia saba ni dola ngapi. Kwa bei ya mwaka ule, senti sitini na kitu. Hakucheka. Akatoa mfukoni tiketi yake ya magongo, akanipa na kalamu, akaniomba nimwandikie jina la soko, ampelekee mwanawe. Nikaandika: Karume, Ilala, na chini yake jina la mama aliyeshona kola.