Saini ya Mshauri

Kila mwanafunzi wa chuo chetu alikuwa na mshauri wa masomo, na karibu hakuna aliyemjua wake. Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa idara mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, namba ya usajili upande huu, jina la mhadhiri upande ule, nasi tukaipita kwenda kunakili ratiba ya vipindi.

Ushauri tuliupata vimbwetani, kwenye zile meza na mabenchi ya saruji ya kujisomea nje. Pale ndipo kaka na dada wa mwaka wa tatu walipozipa kozi majina yao: hii inagawa A, ile ni kaburi, mwalimu fulani anakamata, yaani anafelisha. Jioni hayo hayo yalizunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Siwadharau hata leo. Walijua mambo ambayo kitabu cha mwongozo wa chuo hakiyaandiki, kama vile nani anapenda majaribio ya kushtukiza na nani maswali yake ni yale yale kila mwaka. Wasichokijua ni kozi ipi inafungua mlango wa ipi. Kila mmoja alikuwa amepita mlango wake tu.

Mwaka 2018 nilikuwa naingia mwaka wa pili, nasoma uchumi. Usajili ulianza kama kawaida: unaingia kwenye mfumo, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, halafu unasubiri malipo yasome. Yasiposoma, huendi popote. Tuliokuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo tulikuwa na foleni nyingine ya kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu, na kusema kweli hiyo ndiyo tuliyoiwahi zaidi. Malipo yakisoma, unakuta kozi za lazima zimeshawekwa, wewe unachagua za hiari. Mtu asiyezisajili anaweza kuhudhuria darasa muhula mzima, akafanya majaribio yote, lakini jina lake halitokei kwenye orodha ya mwalimu na alama zake hazina pa kuingizwa.

Mwaka ule idara iliamua kwamba fomu ya kozi za hiari ni lazima isainiwe na mshauri. Korido ikajaa. Wahadhiri wengi walipokea fomu kwa mafungu kupitia CR, mwakilishi wa darasa, wakazirudisha zimesainiwa. Wangu alikataa. Alitaka kumwona kila mtu, mmoja mmoja, na foleni yake ikawa ya kukatisha tamaa wakati dirisha la kuongeza na kuacha kozi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Matokeo yako ya mwaka wa kwanza yako wapi?”

Fomu haikusema lolote kuhusu matokeo. Nikateremka steshenari kuchapisha, nikarudi kuanza foleni upya.

Aliyasoma polepole, kisha akatazama kozi niliyojaza, ile inayogawa A. Akaniuliza nikimaliza nataka kufanya nini.

“Kazi yoyote, Dokta.”

“Kazi yoyote haina kozi. Somo gani ulilipenda mwaka jana?”

Nikasema takwimu. Akaigeuza fomu yangu, na juu kabisa akaandika ekonometriki, yaani takwimu za kupimia mambo ya uchumi, ya mwaka wa tatu, muhula wa kwanza. Akashusha mshale hadi kozi ya nadharia ya takwimu, ya hiari, mwaka wa pili. Akashusha mwingine hadi hisabati niliyokwisha kuifaulu. Hiyo ya katikati, alisema, inafundishwa muhula wa kwanza tu, mara moja kwa mwaka. Nikiiacha sasa, mwakani zote mbili zitakuwa kwenye muhula mmoja, na mfumo hautanipa ya juu bila ya chini.

“Lakini Dokta, wanasema hiyo ni kaburi.”

“Nani wanasema?”

“Wa mwaka wa tatu.”

“Walizikwa, wakafufuka kuja kukuhadithia?”

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anajumlisha krediti zangu kwa kalamu. Shahada ya miaka mitatu inataka 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mihadhara na semina hadi kujisomea. Namba hizo nilizisikia wiki ya kukaribishwa chuoni, zikapita kama matangazo ya stendi. “Hii uliyochagua ni krediti 12,” akasema. “Ile nayo ni 12. Saa 120 kwa 120. Unalipa bei ile ile.”

Nikabadilisha. Kilichonisukuma kilikuwa aibu zaidi kuliko hoja, maana foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Kozi mpya ikagongana na semina ya kozi ya lazima, ikabidi CR anitafutie mtu wa kubadilishana naye kikundi cha semina, na mtu huyo alitaka chipsi mayai kabla ya kukubali. Alhamisi usiku mfumo ukagoma. Hosteli nzima watu walikaa macho na simu zao, huyu akipiga kelele kwamba umefunguka, yule akitukana kwamba umemtupa nje. Wangu ulikubali alfajiri.

Nilipata C. Mwenzangu wa chumbani, aliyebaki na ile kozi laini, alipata A. Kwetu A ina pointi 5 na C ina 2, na katika muhula wa krediti 60 tofauti hiyo peke yake ni 0.6 ya GPA, yaani wastani wa pointi, ya muhula huo, wakati daraja la kwanza linaanzia 4.4. Hesabu hiyo Dokta hakunifanyia. Watu wa vimbwetani wangenifanyia bila kuombwa, na nadhani mshauri anayemtuma mtu kwenye kozi ngumu anapaswa kumtajia na bei ya GPA, si ya saa peke yake.

Mwaka wa tatu niliisajili ekonometriki. Mwenzangu aliijaribu pia, mfumo ukamkatalia, akachukua nyingine na akahitimu na GPA iliyoipita yangu. Hakuna siku aliyoniambia anajuta.

Muhula huo fomu ilihitaji saini tena. Dokta alikuwa likizo ya utafiti, nikapangiwa mhadhiri mwingine. Nilikuwa nimejiandaa: matokeo yamechapishwa, mishale nimeichora mwenyewe nyuma ya fomu. Alisaini huku anaongea na simu, akanisukumia karatasi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

“Kijana, hivi wewe ni wa idara hii?”